Magunia 38, na yale kumi ya kwanza

Mzigo ulifika Jumanne, saa tisa alasiri. Canter iliingia kinyumenyume hadi mlangoni mwa stoo, vijana wawili wakapanda nyuma na kuanza kushusha maharagwe. Mama Stoo, kama wanafunzi wanavyomwita, alisimama kando ya mlango na kipande cha chaki. Kila gunia lililopita alichora mstari ukutani. Likifika la tano, anaikata ile mistari minne kwa mlazo. Alifundishwa hivyo na aliyemtangulia, na ukuta wa stoo ile umejaa vifungu kama ukuta wa gereza. Canter ilipobaki tupu alihesabu. Vifungu kumi na viwili, na mistari miwili juu yake. Magunia 62. LPO, hati ya kuagiza bidhaa, ilisema 100.

“Mathe, wewe andika tu soo,” dereva akamwambia, tayari ana kalamu mkononi. “Hizo zingine zinakam Ijumaa.”

Nakisimulia kisa hiki kwa ruhusa yake. Mimi ni mwenyekiti wa jumuia anayosali, huku Eastlands, Nairobi, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili shule isijulikane. Ni shule ya umma ya bweni, ya wasichana. Zaidi ya hapo sisemi. Naandika kwa sababu sisi wanajumuia tulimshauri vibaya wiki nzima, tena Biblia zikiwa mapajani.

Kwanza nieleze kilichokuwa kwenye ile kalamu. Mzigo ukiingia stoo ya serikali hujazwa fomu ya S13, ambayo ndiyo inayosema kitu gani kimepokelewa na kiasi gani. S13 huenda kwa mhasibu, mhasibu huilinganisha na LPO, hundi hutoka. Kwa hiyo hela hazifuati magunia, zinafuata karatasi. Akiandika 100, shule italipia 100, na yale 38 yatakuwa yameliwa bila kupikwa. Shule ina wasichana wapatao 900. Ukikadiria gramu mia za maharagwe makavu kwa kila mmoja katika githeri ya siku, hiyo ni kilo 90, yaani gunia moja kwa siku. Magunia 38 ni siku 38. Mama Stoo alipiga hesabu hiyo akiwa bado amesimama mlangoni, maana ndiye anayempimia mpishi kila asubuhi.

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 haikusudii mtu mmoja abebe mzigo huu. Kifungu cha 48 kinazungumzia kamati ya ukaguzi na upokeaji, mwenyekiti na wenzake wasiopungua wawili, ambao kazi yao ni kuangalia bidhaa ilipofikia, kuihesabu au kuipima, ndipo watie sahihi. Shuleni hapo kamati ilikuwapo. Ila ilikuwa ikitia sahihi ofisini, juu ya chai, bila kuona gunia. Walioketi kwenye kamati ni walimu wazuri tu, wengine wanaimba kwaya makanisani mwao. Waliona S13 imeshajazwa, wakasaini.

Siku hiyo Mama Stoo hakuandika 100. Hakuandika 62 pia. Alimwambia dereva kitabu kimefungiwa ofisini, akaja nyumbani, na Jumatano jioni akatuletea jambo hili jumuiani.

Wiki ya Danieli

Tulikuwa watu kumi na mmoja sebuleni kwa Mama Kevo, vikombe vya chai vimepangwa sakafuni kwa sababu meza ilikuwa na msalaba na mshumaa. Aliposimulia, kila mtu alishika Biblia. Nami ndiye niliyetaja Danieli. Nikasema Danieli alitupwa katika tundu la simba kwa kukataa kuacha kusali, na Mungu akafunga vinywa vya simba. Dada, simama imara. Wengine wakaongeza Shadraka, Meshaki na Abednego. Tukafunga kwa Salamu Maria tatu, tukaahidi novena, sala ya siku tisa, tukaenda nyumbani tumeridhika sana na nafsi zetu.

Nilimwona hajagusa chai. Nikadhani ni woga.

Siku tatu mfululizo tulimtumia mistari kwa WhatsApp. Shule nayo ilikuwa na mistari yake. Mhasibu alimwita akamwambia kwa upole kwamba magunia mengine yako njiani, hakuna anayeiba, ni utaratibu wa msambazaji. Siku ya pili upole ulipungua. Akamwuliza kama anajua habari za Munyakei. Kila aliyefanya kazi serikalini Kenya anamjua: David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa stakabadhi zilizofichua wizi wa Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikamatwa, akapoteza kazi, hakurudishwa, akafa mwaka 2006 katika umaskini. Munyakei alipaswa kuwa fahari yetu. Badala yake jina lake limekuwa fimbo ya kuwatishia makarani.

Nyumbani nako mume wake alimwuliza swali ambalo sikuweza kulijibu aliponisimulia: “Mama watoto, hao wa jumuia wakija kulipa karo, watalipa ya nani kwanza?”

Jumamosi usiku alinipigia simu. Akasema, “Mwenyekiti, mwache Danieli. Danieli hakuwa na kosa.”

Ndipo nikafungua ule mlango wa sita wa kitabu chake na kusoma nilichokuwa nikikiruka. Maadui wa Danieli walitafuta sababu ya kumshtaki katika kazi yake ya serikali wakakosa, kwa kuwa alikuwa mwaminifu na hapakuonekana kosa ndani yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwatazama simba. Mama Stoo hakuwa mtu wa namna hiyo, na sisi tulikuwa tukimpa mfano uliomkandamiza zaidi kila tulipoutaja.

Muhula uliotangulia yalipungua magunia kumi, akaandika kana kwamba yamefika. Dereva alikuwa yuleyule, na ahadi ya Ijumaa ileile. Jioni yake simu ikalia: M-Pesa, shilingi 2,000. Msambazaji akampigia kusema ni ya nauli. Hakuirudisha. Alinunua viatu vya shule vya mtoto wa tatu. Ujumbe wenyewe hakuufuta. Alikuwa akiusoma usiku.

Basi alichokuwa akikiogopa si simba. Aliogopa kwamba akifungua mdomo juu ya 38, mhasibu atasema tu, “Na yale kumi?” Na mhasibu alijua. Ndiyo maana alikuwa mpole siku ya kwanza.

Moto wa makaa

Hapa ndipo nadhani kisa hiki kina la kutufundisha sisi tunaoongoza jumuia. Tunawapa watu wenye hofu mifano ya mashujaa wasio na doa. Lakini mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi, aliyekaa ofisini miaka kumi, mara nyingi ana gunia lake mahali fulani. Upinzani haumshiki kwa nje. Unamshika kwa lile gunia.

Mtu wake katika Biblia ni Petro. Injili ya Yohane, sura ya 18, inasema Petro alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu alipomkana Bwana, mara tatu, la kwanza mbele ya kijakazi tu wa mlangoni. Sura ya 21, baada ya ufufuko, wavuvi wanapanda pwani na kukuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Neno hilo la makaa katika Kigiriki linatokea mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na ni hapo na hapo. Mbele ya makaa ya pili anaulizwa mara tatu kama anapenda. Anahuzunika la tatu, na haambiwi aende zake; anaambiwa alishe kondoo.

Kisha fungua Matendo, sura ya 4. Petro amesimama mbele ya baraza, na Luka anataja waliokaa: Anasi, Kayafa, na jamaa zao. Nyumba ileile aliyoikimbia uani kwake. Wakaona ujasiri wake wakastaajabu, maana alikuwa mtu asiye na elimu. Neno lililotafsiriwa ujasiri pale maana yake hasa ni kusema waziwazi, kusema bila kuficha kitu. Nimelitafakari sana hilo. Hawezi kusema waziwazi mtu ambaye bado ana kitu cha kuficha. Na waumini walipokutana baada ya hapo kuomba, hawakuomba matisho yaondolewe. Waliomba Bwana ayatazame hayo matisho, nao wapewe kusema.

Jumapili nilimsomea haya mawili, Yohane na Matendo, tukiwa kwenye benchi la nje baada ya misa ya pili. Akasema anakwenda kuungama. Nikamwambia padre yuko sakristia.

Walichozungumza ni siri ya sakramenti na si changu. Ninajua aliyonieleza mwenyewe baadaye, kwamba alitoka na swali moja kichwani: yale magunia kumi yameandikwa wapi mpaka leo? Yalikuwa kwenye S13 na kwenye leja. Mungu alikwisha kumsamehe, lakini leja ilikuwa bado inadanganya, na aliyeijaza alikuwa yeye. Katekisimu inatufundisha kwamba kuondolewa dhambi hakurekebishi uharibifu wote dhambi iliouleta; kuna malipizi. Nimefundisha somo hilo mara nyingi, na sikuwahi kufikiri linaweza kuwa ukurasa wa kitabu cha stoo.

Mzee wa stakabadhi

Msaada mkubwa kuliko novena zetu (na novena ni nzuri, mwanzo hadi mwisho nilihudhuria) ulitoka kwa mzee mmoja wa jumuia ambaye kwa kawaida hulala tukisali rozari. Alikuwa karani wa stoo za serikali mpaka alipostaafu. Jumatatu alimkalisha mezani akamwonyesha. Usichane ukurasa hata siku moja, kurasa zina namba. Ukikosea, piga mstari mmoja ili maandishi ya chini yasomeke, andika hesabu iliyo sawa pembeni, tia sahihi na tarehe. Mwombe dereva asaini hesabu uliyopokea. Akikataa, andika kwamba amekataa, na saa. Piga picha. Omba kwa maandishi kamati ije ihesabu. Mzee yule hakutaja aya yoyote. Alisema tu, “Binti yangu, ukiandika kilichoko, hata ukiamshwa usingizini utajibu vilevile.”

Jumanne, wiki moja kamili baada ya canter, alijaza S13: magunia 62. Aliambatanisha barua kwa mwalimu mkuu yenye sentensi chache. Kwamba amepokea 62 kati ya 100. Kwamba anaomba kamati ya ukaguzi ifike stoo. Na kwamba muhula uliopita aliandika magunia kumi ambayo hayakufika, akapokea shilingi 2,000 baadaye, na yuko tayari kueleza. Ile sentensi ya tatu aliiandika mara nne kabla mkono haujatulia. Rasimu tatu za kwanza anazo mkobani. Katika ya pili neno “nilipokea” limeandikwa dogo kiasi kwamba unalisoma kwa shida.

Mzee alimsindikiza hadi getini. Akakaa kwa muuza mahindi choma ng’ambo ya barabara, saa mbili nzima, ili akitoka amkute mtu.

Yaliyofuata hayakuwa tundu la simba. Upinzani wa ofisini una ukimya wake. Kikombe chake kilitoweka kwenye chumba cha chai. Watu wawili waliokuwa wakimwachia nafasi ya kuketi waliweka mikoba yao pale. Ufunguo wa stoo uliitishwa “kwa ukaguzi”. Simu ziliingia usiku kutoka namba asiyoijua, bila mtu kusema neno. Kisha barua ya kujieleza ikaja, nayo ilitaja yale kumi tu. Kuhusu 38, kimya.

Upinzani ulioniuma mimi ulikuwa wa kwetu. Msambazaji yule, kumbe, ndiye aliyetoa mabati ya kigango kimoja cha parokia tunayopakana nayo, na jina lake hutajwa kila kunapokuwa na harambee. Wanaume wawili wenye vyeo kanisani walinitembelea. Hawakusema nimnyamazishe. Walisema mambo haya yamalizwe nyumbani, jina la kanisa lisichafuke, na je, huyu mama si ameungama, si amesamehewa, kwa nini anaendelea?

Mmoja wetu akawakumbusha Soweto. Ni hapa hapa Eastlands, Kayole. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024 Rais William Ruto alisali katika kanisa katoliki la Soweto akatoa mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadre na fedha za kwaya na watoto, akaahidi zaidi na basi juu yake. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zirudishwe na ahadi zisipokewe, kwa sababu kanisa lisije likawa jukwaa la siasa. Shilingi milioni 2.6 zilikuwa tayari zimetolewa. Wale wageni wangu walisema hiyo ni ya maaskofu na wakubwa. Labda. Mabati ya watu hayarudishwi yakiwa yamekwisha kupigiliwa misumari, nami sikudai yang’olewe. Niliwaambia tu kwamba mwenye mabati hajatukanwa na mtu. Kilichoandikwa ni idadi ya maharagwe. Waliondoka bila kumaliza chai, na mmoja hadi leo akiniona misani hunipa amani kwa ncha za vidole.

Kuhusu swali lao la msamaha, nadhani waliligeuza. Hakuendelea licha ya kusamehewa. Aliweza kuendelea kwa sababu alikuwa amesamehewa. Kabla ya hapo kila tishio lilipata pa kushika.

Kuna waliotaka afanye zaidi. Kijana mmoja wa jumuia alitaka ile picha ya S13 iwekwe mtandaoni siku hiyohiyo, tena na jina la msambazaji. Tulimkatalia, na sioni kama ulikuwa woga. Katika fadhila nne za msingi, busara hutangulia na nguvu, yaani ujasiri, hufuata. Mwanateolojia Thoma wa Akwino, akiandika karne ya 13, anauliza tendo kuu la nguvu ni lipi, kushambulia au kustahimili, na anajibu kustahimili, kwa kuwa ni vigumu zaidi: anayestahimili tayari hatari iko juu yake, na inakaa naye muda mrefu. Wanaume wengi tulilelewa kinyume cha hapo. Kwetu jasiri ni anayepiga meza. Mama Stoo hakupiga meza yoyote, aliketi tu mwezi mzima kwenye chumba ambacho kikombe chake kimeondolewa.

Alifanya jambo moja zaidi, na hili nalo ni la mzee. Sheria ya kupambana na hongo ya mwaka 2016 inamtaka mtumishi wa umma mwenye mamlaka atoe taarifa ndani ya saa 24 akijua au kushuku kuna hongo, na inafanya kumtishia mtoa taarifa kuwa kosa, faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Saa zake 24 zilikuwa zimepita kwa miezi, nalo alilisema. Walikwenda wote wawili kwa matatu hadi mjini, wakapanda kwa miguu hadi Integrity Centre, makao ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi, akaandikisha taarifa na kuonyesha ule ujumbe wa M-Pesa. Anasema mle ndani hakutetemeka. Alitetemeka wakirudi, kwenye ngazi za matatu, mpaka kondakta akamshika mkono.

Matokeo ni haya mpaka ninapoandika. Usiku mmoja wa wiki iliyofuata canter ilileta magunia 30, na kamati safari hii ikatoka nje na tochi kuhesabu. Magunia manane yaliyobaki hayajaonekana. Yale kumi anakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo, na hakukata rufaa. Ameonywa kwa maandishi. Ametolewa stoo akapelekwa maktaba, ambako anapanga vitabu na kusaidia mashine ya kunakili. Mhasibu yuko kazini. Msambazaji sijui kama atapata LPO ya mwaka ujao. Uchunguzi haujatuambia lolote. Mume wake amerudi kusali nasi Jumatano, haongei sana, ila huja na kiti chake cha plastiki begani.

Juzi ukuta wa stoo ulipakwa rangi upya, kijani hadi kiunoni na maziwa juu, vifungu vyote vikafunikwa. Wiki hiyohiyo mtunza stoo mpya alimpigia simu. Canter ilikuwa getini, na alitaka kujua chaki huwa anaiweka wapi.